Satelaiti zinapotea na kuruka kila saa tisa usiku, wajuzi wa GPS njooni hapa

pima_anga
Wakuu habari za muda huu. Naomba wanaojua GPS kwa undani wanisaidie, na sio GPS ya kwenye simu, naongelea kukokotoa mwenyewe mahali satelaiti ilipo kutoka kwenye faili za RINEX (muundo wa kawaida wa faili za data za GPS).

Ninachofanya ni hivi, nachukua data za kituo cha MAL2 pale Malindi, nasoma efemerisi (data za mzingo zinazotangazwa na satelaiti yenyewe) kwenye faili la urambazaji la siku, nakokotoa X Y Z ya kila satelaiti kila sekunde 30, halafu napata pembe ya mwinuko nijue mawimbi yamekatiza wapi kwenye ayonosfia (tabaka la juu la anga lenye chaji za umeme). Nafuatilia zile vurugu za ayonosfia zinazoanza jua likishazama, na kwa huku kwetu karibu na ikweta zikianza jioni zinaweza kupitiliza usiku wa manane, kwa hiyo siwezi kukata usiku katikati. Shida yangu iko hapo hapo. Siku ya UTC inageuka saa tisa usiku kwa saa zetu, ikifika hapo programu inafunga faili la jana inafungua la leo, basi vurugu:

- satelaiti mbili tatu zinapotea kwa karibu masaa mawili halafu zinarudi kama hakuna kilichotokea
- epoki (muda mmoja wa kipimo) ya kwanza kabisa ya siku satelaiti ZOTE zinakuwa zimesogea, epoki inayofuata ziko sawa
- usiku wa kuamkia Jumapili nikisoma faili mbili kwa pamoja kuna satelaiti zinaonyesha ziko chini ya upeo wa macho, na risiva inazipokea vizuri tu

Naandika kwa Python, sijatumia programu ya mtu. Mnasemaje?

mtoto_wa_mjini
Mkuu futa hayo masaa mawili uendelee na maisha, nani ataona 😂

theodolaiti
@mtoto_wa_mjini ataona yeyote atakayeangalia grafu, pengo la kila siku saa ile ile halifichiki.

@pima_anga mkuu hizo ni shida tatu tofauti zimekutana saa moja, usizitibu kwa dawa moja. Naanza na ya kupotea.

Satelaiti ya GPS kawaida inabadilisha efemerisi kila masaa mawili, na kila seti inafaa kwa masaa manne, mawili kabla ya toe (muda wa rejea wa seti hiyo) na mawili baada yake. Mara nyingi toe inaangukia saa kamili, 00:00, 02:00, 04:00 na kuendelea. Lakini satelaiti ikishapandishiwa data mpya kutoka ardhini toe inasogezwa kidogo ili watu wajue seti imebadilika, ndiyo maana ukichungulia faili utakuta nyingine zimeandikwa 01:59:44 badala ya 02:00:00, sekunde 16 pungufu. Sasa chukua satelaiti iliyopandishiwa data karibu na mwisho wa siku, toe yake inakuwa 23:59:44. Rekodi hiyo ni ya JANA, inakaa kwenye faili la jana, na ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kukubeba kuanzia 00:00 mpaka karibu 02:00 ya leo. Wewe umeshafunga faili la jana, na kama unachagua toe iliyopita tu basi kwa satelaiti hiyo huna kitu mkononi mpaka rekodi ya 02:00 ifike. Hizo ndizo mbili tatu zako zinazopotea.

Na upande wa pili wa saa tisa nako haupo salama, ni vile tu hujaangalia. Kuanzia 23:00 rekodi iliyo karibu zaidi ni ya 00:00 ya kesho, ila huna faili la kesho, kwa hiyo unaivuta ya 22:00 mpaka mwisho kabisa wa uhai wake, halafu faili likibadilika unaruka ghafla kwenda seti mpya.

Dawa ni kusoma faili la jana, la leo na la kesho, kumimina rekodi zote kwenye orodha moja ya kila satelaiti, kuondoa zilizojirudia, kutupa zenye alama ya satelaiti mbovu, halafu kuchagua toe iliyo karibu zaidi na muda unaoutaka. Neno "siku" lisionekane kabisa kwenye sehemu hiyo ya programu, siku ni mpaka wa faili tu.

Ya Jumapili sasa. toe haihesabiwi kutoka mwanzo wa siku, ni sekunde za wiki, na wiki ya GPS inaanza Jumamosi kuamkia Jumapili, ina sekunde 604800. Mfano satelaiti ina toe ya Jumamosi 23:59:44, yaani 604784, na wewe uko Jumapili 01:00, yaani 3600. Ukitoa moja kwa moja unapata -601184, programu inaamini unataka kujua satelaiti ilikuwa wapi karibu siku saba zilizopita. Ndiyo maana kuna hii (t ni muda unaoutaka, tk ni tofauti yake na toe):

tk = t - toe
if tk > 302400: tk -= 604800
if tk < -302400: tk += 604800

-601184 jumlisha 604800 unapata 3616, saa moja na sekunde 16, ndiyo sahihi. Hii sio ujanja wa mtaani, imo kwenye waraka wenyewe wa GPS, IS-GPS-200, chini ya jedwali la fomula za mzingo, ila watu wanakopi fomula wanaruka maelezo ya chini.

Kinachoudhi kuhusu kosa hili ni kwamba programu haianguki. Ukipima umbali wa satelaiti kutoka kiini cha dunia unakuta kama km 26,560 kama kawaida, kila kitu kinaonekana kizima, ila kwa siku saba satelaiti inazunguka mara 14 na kipande, na hicho kipande ni karibu digrii 14 za mzingo. Hapo umekosea maelfu ya kilomita na hakuna mstari mwekundu hata mmoja kwenye skrini.

rinex_msa
Maelezo mazuri sana boss. Wacha nimalizie ile ya epoki ya kwanza juu nimeiona kwa programu nyingi.

Risiva ikiandika 00:00:00 hiyo ni saa ya kupokea. Satelaiti haikutuma saa hiyo, ilituma milisekunde kama 67 hadi 86 nyuma kulingana na vile iko juu ama iko chini karibu na upeo. Sasa mahali pa satelaiti panakokotolewa kwa saa ya KUTUMA. Kwa epoki zingine zote hiyo ni kutoa tu, hakuna maneno, lakini kwa epoki ya kwanza ya siku saa ya kutuma ni 23:59:59.93 ya jana. Kila siku, kila satelaiti, hakuna hata moja inaponea. Kama mahali fulani umeandika % 86400, ile -0.07 inageuka kuwa 86399.93, ukiibandika kwa tarehe ya leo umejipeleka mbele masaa 24 kamili.

Na hapa ndio inakuchezea. Satelaiti ya GPS inarudi juu ya sehemu ile ile ya dunia baada ya masaa 23 dakika 56 na sekunde 4. Kwa hivyo ukienda mbele masaa 24 unaikuta karibu pale pale, imepitiliza kwa sekunde 236 pekee. Kwa pembe ni karibu digrii 2 za mzingo. Mtu anayeangalia grafu ya mwinuko anaona kidoti kimoja kimeruka kidogo, anasema ni kelele za data, anaendelea. Kwa kilomita lakini hizo ni mamia.

Tafuta % 86400 kwa programu yako yote uitoe. Halafu usiamini grafu ya mwinuko peke yake, linganisha X Y Z zako na faili la SP3 (mahali pa satelaiti palipokokotolewa kwa usahihi) la IGS, ile huduma ya kimataifa ya data za satelaiti za urambazaji. Obiti za kutangazwa na satelaiti zikikokotolewa vizuri zinatofautiana na SP3 kwa mita moja mbili hivi. Ukiona kilomita jua kuna kitu.

pima_anga
Aisee mbarikiwe sana. % 86400 nilikuwa nayo kweli, tena sehemu mbili. Nimeandika upya, kila muda sasa ni datetime, faili tatu zinasomwa pamoja, zinazopotea zimerudi na usiku wa kuamkia Jumapili umekaa sawa.

LAKINI nimelinganisha na SP3 kama alivyosema @rinex_msa na sasa ndio nimechanganyikiwa zaidi. Jumapili tofauti ni kama mita moja unusu, safi kabisa. Jumatatu tofauti ni kama km 450!! Jumanne mara mbili yake, inaongezeka hivyo hivyo, Jumamosi inafika karibu km 2,700, halafu Jumapili inarudi mita moja unusu. Nimefikiria labda faili za SP3 nimechanganya siku lakini hapana nimehakikisha.

theodolaiti
Weka hapa ule mstari wa omega, wa longitudo ya nodi (pale mzingo unapokata ikweta).

pima_anga
Huu hapa mkuu

omk = om0 + (omdot - we)*tk - we*toe

na toe naipata kutoka kwenye datetime ya rekodi, saa*3600 + dakika*60 + sekunde

theodolaiti
Basi limekwisha. Hiyo toe ya mwisho kwenye mstari ni lazima iwe sekunde za WIKI, wewe umeweka sekunde za siku.

Kwenye tk unatoa muda na muda, kwa hiyo ukianzia kuhesabu popote jibu ni lile lile. Lakini - we*toe sio tofauti ya muda, ni kiasi ambacho dunia imezunguka tangu mwanzo wa wiki, maana om0 inayotangazwa imepimwa kutokea mwanzo wa wiki na sio mwanzo wa siku. Ukitupa siku nzima, umetupa sekunde 86400 za mzunguko wa dunia. Kama kwa sekunde hizo dunia ingezunguka digrii 360 kamili usingeona kosa lolote, lakini inazunguka digrii 360.986. Hiyo 0.986 ndiyo iliyobaki. Jumapili umetupa sifuri, Jumatatu digrii moja kasoro kidogo ambayo kwenye umbali wa km 26,560 ni kama km 457 satelaiti ikiwa karibu na ikweta, Jumanne mbili, Jumamosi umefika digrii 5.9. Angalia namba zako.

Kosa hili nalipenda (samahani mkuu) kwa sababu mtu akijaribu programu yake Jumapili tu anaipitisha.

pima_anga
Nimebadilisha. Siku zote saba ziko chini ya mita tatu. Sina la kusema, asante sana.

geodezia_tu
Nimechelewa uzi mtamu hivi. Naongeza upande wa SP3 kwa sababu naona mkuu analinganisha nayo na wengine huwa wanaitumia moja kwa moja.

Faili la kawaida la SP3 la siku lina epoki 96, kila dakika 15, ya kwanza 00:00 ya mwisho 23:45. Umeona tayari, kati ya 23:45 na usiku wa manane hakuna kitu, ukitaka 23:50 kwa faili moja unabuni. Na hata kabla ya hapo, kawaida tunapitisha polinomia ya digrii 10 kwenye nukta 11, tano kila upande, kwa hiyo ili muda wako ukae katikati unahitaji saa moja na robo kila upande. Yaani kabla ya 01:15 na baada ya 22:30 uko pembeni ya polinomia, na pembeni ndiko inakoyumba. Katikati ya siku kosa la intapolesheni ni la milimita, kwenye ncha linakuwa kubwa vibaya. Kwa hiyo hapa pia ni jana, leo na kesho.

Kingine, X Y Z za SP3 ziko kwenye fremu inayozunguka na dunia. RTKLIB (programu huria ya GPS) kabla ya kupitisha polinomia inazizungusha kwanza kila nukta kurudi kwenye wakati mmoja halafu ndio inaintapoleti, mstari unakuwa laini zaidi. Wanaoandika wenyewe wengi hawafanyi.

rinex_msa
@geodezia_tu hapo kwa kuunga siku tatu nina swali. Obiti za siku moja na siku ingine si zinakadiriwa kivyake? Nikiunga si naweka ngazi katikati ya polinomia?

geodezia_tu
Unaweka, ni kweli. Kila siku inakokotolewa kwa data zake, zikikutana usiku wa manane hazigusani sawasawa, kuna ngazi ya sentimita chache. Ila pima uchague ubaya. Kuunga kunakupa kosa la sentimita lililotawanyika kidogo kila upande wa mpaka, kutokuunga kunakupa polinomia inayoyumba kwenye ncha, na zile dakika 15 za mwisho huna kabisa. Kwa kazi ya @pima_anga ya ayonosfia sentimita hazina maana yoyote, aunge alale. Kwa PPP (kupima mahali kwa usahihi mkubwa kwa risiva moja) ya milimita ndio watu wanakunja uso.

SAA ya satelaiti ndiyo usiiunge hivyo. Saa hazipitishwi kwenye polinomia ndefu, ni mstari ulionyooka kati ya nukta mbili basi, na kwenye mpaka wa siku marejeo ya saa yenyewe yanabadilika kutoka suluhisho moja kwenda jingine, unaweza kupata mruko wa sehemu ya nanosekunde au zaidi. Nanosekunde moja ni sentimita 30 za umbali. Obiti ya jana itembee na saa ya jana, ya leo na ya leo, usichanganye mkono mmoja wa huku na mmoja wa kule.

mtoto_wa_mjini
Sielewi hata nusu ila naendelea kusoma. Swali la mjinga, GLONASS ya Warusi nayo inageuka saa tisa?

theodolaiti
Sio swali la mjinga hata kidogo, tena lina utamu wake kwetu. Saa ya GLONASS ni UTC jumlisha masaa matatu, saa ya Moscow, ambayo ni saa yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo siku ya GLONASS inageuka saa sita usiku ile ile inayogeuza kalenda yako ukutani. GPS haina sekunde za nyongeza tangu ilipoanza tarehe 6 Januari 1980, sasa iko mbele ya UTC kwa sekunde 18 tangu mwanzo wa 2017, hivyo siku yake inageuka saa nane usiku na dakika 59 na sekunde 42. BeiDou wa China wameanza kuhesabu tarehe 1 Januari 2006, wako nyuma ya GPS kwa sekunde 14, wanageuka sekunde 14 baada ya GPS. Galileo ya Ulaya inakwenda na GPS. Usiku mmoja, mipaka mitatu tofauti.

Kwenye RINEX rekodi za GLONASS zinaandikwa kwa UTC, sio saa ya Moscow na sio saa ya GPS, kwa hiyo unajumlisha sekunde 18 kwanza. Ukisahau unakosea makumi ya kilomita. Na efemerisi yake sio vigezo vya mzingo, ni mahali, mwendo na mchapuko, kila nusu saa kwenye dakika ya 15 na ya 45, unaitembeza kwa Runge-Kutta (njia ya kukokotoa hatua kwa hatua) robo saa mbele au nyuma. Kwenye mpaka wa siku ya UTC rekodi ya 23:45 ya jana na ya 00:15 ya leo zinakutana pale pale usiku wa manane, ukiwa na faili zote mbili huna shida.

Mtu akitaka kuona inavyofanywa vizuri afungue rinex.c ya RTKLIB atafute adjweek na adjday. Ya kwanza inasogeza muda kwa wiki nzima ukizidi nusu wiki, ya pili inasogeza kwa siku ukizidi nusu siku na ndiyo ya GLONASS. Mistari michache tu.

geodezia_tu
Na kabla uzi haujafungwa, tafadhali msitunze muda kama tarehe ya Julian kwenye namba moja ya biti 64. Namba ni kama milioni 2.46 ya siku, hatua ndogo kabisa inayoweza kuwakilishwa hapo ni kama mikrosekunde 40, na satelaiti inakwenda km 3.9 kwa sekunde, hizo ni sentimita 16 kwa hatua. Gawa muda vipande viwili, sekunde nzima kwenye namba kamili na sehemu ya sekunde kivyake, ndivyo RTKLIB wanavyofanya. Au namba ya wiki na sekunde za wiki, nayo inatosha.

pima_anga
datetime ya Python inaishia mikrosekunde moja, hiyo si ni milimita 4?

geodezia_tu
Kwa mahali pa satelaiti inatosha kabisa. Kwa umbali wa mawimbi usiiguse, mikrosekunde moja ya mwanga ni mita 300.

pima_anga
Sawa nimeelewa. La mwisho wakuu, hili la kusoma faili la kesho, kama nataka kuendesha usiku ule ule faili la kesho natoa wapi?

rinex_msa
Efemerisi za kutangazwa kuna faili za kila saa, huna haja kungoja siku iishe. Na kwa SP3 chukua zile za haraka zaidi za IGS, zinatoka mara nne kwa siku, 03:00, 09:00, 15:00 na 21:00 UTC, kila faili lina masaa 48, 24 za kwanza zimepimwa na 24 za mwisho ni utabiri. Ile ya 21:00 inaanza 18:00 ya jana na inakwisha 18:00 ya kesho, kwa hivyo saa tisa yako ya usiku iko ndani ya faili moja. Ila hapo unakula utabiri, kwa ayonosfia haina noma, ukipata ile ya mwisho (final) rudia.